Orodha Ambayo Kila Kitu ni Haraka

Hii ndo hotuba niliyoitoa Jumamosi kwenye mkutano wetu wa watu wa tovuti hapa Kampala. Wengi mlikwama kwenye mvua na jamu ya Jinja Road, mkaniomba niiweke yote, basi nimeiandika vile nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha.

Ndugu zangu, dada zangu, na nyinyi wazee mlioketi huko nyuma, hamjambo? Asanteni kwa kuja na mvua hii. Nawaona wa Mbale, nawaona wa Arua, kuna ndugu zetu waliotoka Bunia na Goma, karibuni sana, leo tutaongea Kiswahili chetu hichi hichi cha kazi, ukikosa neno usiogope, tutaelewana.

Nianze na swali. Nani hapa kazini kwake ana orodha ya bagi, yaani hitilafu za tovuti, na kazi nyingine, ambayo imejaa alama nyekundu? Inueni mikono. Eee, karibu wote. Sasa nani anaweza kusimama saa hii aniambie, kati ya hizo nyekundu zote, ipi ni ya kwanza? Mikono inashuka. Ndo hicho kilichonileta hapa.

Mimi nafanya kazi kwenye tovuti ya kuuza tiketi za mabasi. Tuko wanne, msimbo, muundo, seva, simu za wateja, yote ni sisi wanne. Miaka michache iliyopita nilifungua orodha yetu Jumatatu asubuhi nikakuta mambo 143, na kati ya hayo zaidi ya mia yameandikwa "haraka sana". Mia! Tuliweka alama hiyo kwa sababu kila aliyeleta jambo alisema ni la haraka, na sisi hatukutaka kumvunja moyo mtu. Idara ya matangazo haraka, mhasibu haraka, bosi haraka, dereva amepiga simu haraka. Sasa wewe developa unayefungua orodha ile unafanya nini? Unachagua ile unayoijua. Unachagua ile rahisi, au ile ambayo mwenyewe amesimama nyuma ya kiti chako. Usiseme umechagua, umechaguliwa.

Nawauliza tena, kama kila kitu ni haraka, kuna kitu cha haraka hapo? Hakuna. Hakuna kabisa.

Niwaambie kisa cha Marekani, maana watu wanadhani hili ni tatizo la timu ndogo zisizo na pesa. Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali yao ilifungua tovuti ya HealthCare.gov, watu wajiandikishe bima ya afya. Pesa zilikuwepo, wataalamu walikuwepo, makampuni mengi tu. Siku ya kwanza waliofanikiwa kumaliza kujiandikisha walikuwa watu sita. Sita, ndugu zangu, nchi ya zaidi ya watu milioni 300. Halafu wakaletwa watu wa kuokoa, mmoja wao Mikey Dickerson aliyetoka Google, na kitu ambacho kilinigusa ni kwamba hakuanza na mitambo mipya. Alianza na mkutano. Kila siku mara mbili, na kanuni tatu zimebandikwa ukutani. Moja, chumba hiki ni cha kutatua matatizo, lawama zina mahali pake pengine. Mbili, anayeongea ni yule anayelijua tatizo, cheo kisiongee. Tatu, tunashughulika na yale yatakayotuumiza ndani ya saa 24 mpaka 48 zijazo, mengine yasubiri. Ndani ya wiki chache walishasahihisha mambo zaidi ya 400, na kufika mwanzoni mwa Desemba ile tovuti iliweza kubeba watu 50,000 kwa wakati mmoja. Timu zile zile kwa sehemu kubwa! Kilichobadilika kwanza ni nani anaongea na kipi kinatangulia.

Hiyo kanuni ya pili ya cheo ina babu yake. Wakati wa vita vya Napoleon kulikuwa na daktari wa upasuaji wa Kifaransa, Dominique Jean Larrey, yeye ndo aliyeshika msimamo kwamba majeruhi watibiwe kwa ukubwa wa jeraha, asiulizwe cheo wala jeshi alilotoka. Jenerali aliyechubuka mkono anasubiri, askari wa kawaida anayetokwa damu anaingia. Na lile neno ambalo hospitali zinatumia mpaka leo kwa kazi hiyo, "triage", kwa Kifaransa lina maana ya kuchambua tu, kama unavyochambua mchele kwenye ungo. Mama zetu wote wanajua kuchambua mchele. Unatazama kila punje, hili ni jiwe, hii ni pumba, huu ni mchele wenyewe, na hakuna anayeweka jiwe kwenye sufuria kwa sababu jiwe limepiga kelele.

Kelele. Hapo ndo nataka nikae kidogo, maana hapo ndo mimi mwenyewe nilikosea na kosa lile bado linaniuma.

Tovuti yetu ilikuwa ya Kiingereza, tukaamua tuweke Kiswahili pia. Abiria wengi wa njia ya Arua na Koboko wanakitumia, wafanyabiashara wa Ariwara, upande wa Kongo, wanavuka mpaka na Kiswahili chao, na mwaka 2022 baraza la mawaziri lilikuwa limeshakubali Kiswahili kiwe lugha rasmi, tukasema tusibaki nyuma. Tukatafsiri maneno. Vitufe, fomu, risiti, vyote. Na saa za kuondoka tukaacha mashine izitafsiri yenyewe. Basi la usiku la Arua linaondoka Kampala saa 4 usiku, ile ambayo kwa Kiingereza imeandikwa 10:00. Mashine ikachukua kumi ikaweka kumi, na neno la usiku mbele yake. Tiketi ikasoma: kuondoka saa 10 usiku.

Mnacheka? Ngojeni. Saa 10 usiku kwa yeyote aliyelelewa hapa ni alfajiri, majogoo yanawika. Waganda wanahesabu hivyo hivyo, Waswahili hivyo hivyo, saa za mchana zinaanza kuhesabiwa jua linapochomoza, za usiku linapozama. Mama mmoja akanunua tiketi tatu, yake na za watoto wawili, akafika kituoni Kisenyi saa 9 na nusu usiku, amewahi nusu saa nzima kwa sababu ni mtu makini. Basi lilikuwa limeondoka saa tano na nusu zilizopita, limeshavuka Karuma, linaitafuta Pakwach. Alikaa pale na watoto kwenye baridi mpaka ofisi ikafunguliwa. Alikuwa anaenda kwenye mazishi ya kaka yake. Hakuwahi.

Sasa nawaambia kitu kibaya zaidi. Bagi ile tulikuwa tunaijua. Kijana aliyekuja kwetu kwa mafunzo aliiona, akaiandika vizuri kabisa, na mimi, kwa mkono wangu, nikaiwekea alama "lugha, ndogo". Ikakaa kwenye orodha wiki kumi na moja. Kwa nini ndogo? Kwa sababu tovuti haikuanguka. Hakuna ukurasa mweupe, hakuna kosa la seva, hakuna bosi aliyepiga simu. Nilipima ukubwa kwa kuangalia upande wa mashine, nikaona herufi mbili tatu za kubadilisha. Wiki hizo kumi na moja tulifanya nini? Tulibadilisha rangi ya kitufe mara mbili. Tulihamisha nembo kutoka kushoto kuja katikati, kisha ikarudi kushoto. Yale yalikuwa na watu wa kuyasemea.

Na kuisahihisha, banange, nusu saa tu. Baadaye tukaongeza mengine tuliyojifunza, kwamba ukisema "usiku wa Jumamosi" wengine wanaelewa usiku wa kuamkia Jumamosi, yaani Ijumaa ikishazama jua, kwa hiyo tiketi yetu siku hizi inaandika "Ijumaa usiku kuamkia Jumamosi, saa 4 usiku, 22:00" na hakuna anayepotea. Lakini mazishi yalishapita.

Kwa hiyo tangu siku ile tunatenganisha vitu viwili ambavyo watu wengi wanavichanganya, ukubwa wa madhara na kipaumbele. Madhara ni swali la mtu anaumia kiasi gani. Kipaumbele ni swali la lini tunashika. Vinafuatana mara nyingi, mara nyingine vinaachana. Mfano, kuna ripoti ya mwaka ambayo mhasibu wetu anaitoa mara moja, mwaka wa fedha unapofungwa tarehe 30 Juni. Siku moja mwezi wa Agosti iligoma kabisa, haifunguki, madhara yake makubwa kweli, bila ile ripoti hafungi hesabu. Lakini ni Agosti! Tukamwambia kwa heshima, mama, hii tunaiwekea tarehe, mwezi wa tatu itakuwa imekwisha, na ikaisha mwezi wa tatu. Upande wa pili, jina la mji limekosewa herufi kwenye ukurasa wa mwanzo siku moja kabla ya matangazo ya redio kuanza, madhara madogo tu, ila inashikwa leo kwa sababu kesho maelfu wataiona.

Kwenye kuchambua kwetu kila Jumatatu, nusu saa tu, tunasimama hatukai, tunauliza juu ya kila jambo jipya: nani anaumia? Ni wengi au ni mmoja? Ana njia nyingine ya kufika anakokwenda au tumemfungia mlango? Na tukiliacha wiki nzima linabaki vile vile au linakua? La mwisho hilo msilidharau, kuna bagi zinazolala na kuna zinazozaa. Inayofuta taarifa kidogo kidogo kila usiku inazaa. Baada ya hapo jambo linaingizwa kwenye mstari mmoja. Nasema mstari, juu mpaka chini, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakuna mambo mawili yote ya namba moja. Ukishakuwa na namba moja mbili umesharudi kwenye mia nyekundu, hata kama hujajiona.

Sasa, kuna wale wasiosema kabisa. Huyu mama wa Arua angalau alikuja ofisini akasema. Wangapi hawaji?

Fomu yetu ya kulipa ilikuwa inakagua nambari ya simu kabla ya kutuma ombi la pesa. Aliyeiandika zamani aliweka nambari zinazoanza na 077, 078, 070 na 075, maana siku zile ndizo zilikuwa mikononi mwa watu. Halafu zikaja 076, zikaja 074. Mtu anaandika nambari yake mwenyewe, aliyoizoea, tovuti inamwambia "nambari si sahihi". Anaandika tena. Si sahihi. Unadhani anatupigia simu? Hapigi. Anadhani kosa ni lake, anafunga, anapanda boda mpaka kituoni anapanga foleni dirishani. Malalamiko sifuri. Kwenye orodha yetu bagi hiyo haikuwepo hata chini kabisa, kwa sababu hakuna aliyeileta.

Tuliijua vipi? Mwenzetu mmoja alikwenda kukaa kituoni siku nzima, kwa ajili ya kitu kingine kabisa, akawa anawauliza watu kwenye foleni, wewe una simu nzuri mbona hukununua kwa simu? Wa kwanza akasema tovuti yenu inakataa nambari yangu. Wa tatu akasema hivyo hivyo. Wa tano, hivyo hivyo. Akatoa simu akatupigia pale pale, na mimi nikafungua takwimu zetu nikaona kumbe zilikuwepo siku zote, watu wanafika ukurasa wa kulipa halafu wanapotea pale pale, na hatukuwahi kuuliza wanapotelea wapi. Ndugu zangu, kwenye timu yenu nani anawasemea hawa? Kama hakuna, mteueni. Sisi kila mwezi mtu mmoja anakwenda kituoni, kwa zamu, hata mimi, na anachorudi nacho kinaingia kwenye kuchambua sawa na barua pepe ya bosi.

Nimemtaja bosi, na najua wengi ndo mnaongojea hapo, maana mnasema haya yote ni mazuri lakini wewe hujui bosi wangu. Nisikilizeni. Bosi hana ubaya. Bosi anaona ukurasa wa mwanzo kwa sababu ndo anaoufungua, kompyuta nzuri, intaneti ya ofisi. Haoni kituo saa 9 usiku. Kazi ya kumwonyesha ni yetu.

Desemba moja, wiki mbili kabla ya Krismasi, mnajua hali inavyokuwa, Kampala nzima inarudi kijijini, nauli zinapanda, mabasi yanajaa. Bosi akataka ukurasa wa mwanzo uwe na picha kubwa zinazotembea, mabasi mapya, watu wanatabasamu. Akataka leo. Na sisi mkononi tulikuwa na bagi ya kulipa mara mbili: mtu anabonyeza "lipa", mtandao uko polepole, lile ombi la kuweka namba ya siri halijafika kwenye simu, anabonyeza tena, baadaye yanafika yote mawili, anaweka namba ya siri mara mbili, pesa inakatwa mara mbili kwa kiti kimoja. Dawa yake inajulikana, kila oda inapewa namba yake tangu mwanzo, ombi la pili likija na namba ile ile mfumo unasema hili nimeshalipokea, basi. Lakini inahitaji siku tatu za kazi na majaribio, huwezi kuigusa sehemu ya pesa kwa haraka haraka.

Zamani ningesema sawa mzee, tutafanya zote, na tungelala ofisini tukaharibu zote. Siku ile nilichapisha ule mstari wetu kwenye karatasi, nikampelekea. Nikamwambia mzee, picha zinaweza kuingia leo, nionyeshe ipi itoke. Akatazama. Namba moja, kulipa mara mbili. Akaniuliza hii ni watu wangapi? Nikamtolea orodha ya waliorudishiwa pesa wiki ile, jina kwa jina, na kiasi. Halafu nikamwambia hizo picha zina uzito wa megabaiti sita, tangu Julai 2021 data tunalipa na kodi ya asilimia 12 juu yake, abiria wetu anayenunua bando la siku atalipia kuzitazama kabla hajanunua tiketi. Alikaa kimya kidogo. Akachukua kalamu, akaziandika picha zake mwenyewe chini ya namba sita. Mwenyewe! Kwa sababu aliona mstari, na kwenye mstari ukiingiza kitu kingine lazima kishuke. Kwenye rundo la nyekundu hakuna kinachoshuka, ndo maana kila mtu anarusha tu.

Jingine nipite haraka maana naona muda. Orodha lazima ifutwe. Kitu kimekaa miezi sita na hakuna aliyekiuliza, kifungeni, mwandikieni aliyekileta kwamba hatutafanya na sababu yake, mlango uko wazi akirudi nacho. Kwenye zile 143 tulifunga zaidi ya nusu, waliorudi kulalamika walikuwa watatu, na wawili kati yao walikuwa na haki, tukazirudisha. Na wekeni siku moja kwa wiki ya zile kazi ambazo hazina mteja wa kuzililia, kujaribu kama nakala za akiba zinarudi kweli, kupandisha matoleo, kusafisha msimbo wa zamani. Sisi ni Alhamisi. Ijumaa hatupandishi kitu kipya kwenye tovuti, Ijumaa jioni ndo abiria wamejaa.

Kabla hamjauliza maswali niwaambie kilichoko juu ya mstari wetu leo hii, msidhani nimekuja na hadithi za zamani tu.

Karani wetu wa Kigali alituma ujumbe Alhamisi usiku, mfupi, mwishoni ameandika "samahani kwa usumbufu". Anasema abiria wa kurudi Kampala wanachelewa basi kwa saa moja kamili. Saa moja kamili, mnaelewa mara moja, Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, na tiketi za kurudi tunaziandika kwa saa ya Kampala. Basi linaondoka saa 12 asubuhi ya Kigali, sisi tumeandika saa 1. Wakati ule ule kulikuwa na barua tatu za watu wakubwa kuhusu ukurasa mpya wa matangazo, ndefu, zina herufi kubwa. Ujumbe wa karani ulikuwa mistari miwili. Ijumaa asubuhi ukawa namba moja, na mpaka tutakapopandisha marekebisho Jumatatu yeye na mwenzetu wa huku wanampigia simu kila abiria wa kurudi, mmoja mmoja, kumwambia saa ya kweli. Jana jioni walikuwa wamebakiza watu tisa. Ukurasa wa matangazo ni namba nne, wenyewe wameshaambiwa.

Haya, dada wa pale karibu na mlango umeinua mkono tangu mwanzo, anza wewe.